Kibao cha Choo

Kila siku ya kazi, dakika chache kabla ya kengele ya saa moja, Kola alisimama kwenye mtaro ulio nje ya geti la kiwanda, akafungua chupa kubwa ya maji aliyojaziwa na mama yake, akayamwaga yote. Aliyamwaga taratibu, akiwageuzia watu mgongo, ungedhani ananawa mikono. Pale alipomwagia palikuwa pameota majani mabichi ya kupendeza, na sehemu yote iliyobaki chini ya ukuta wa kiwanda ilikuwa vumbi tupu. Akishamaliza alifunga kifuniko, akaitia chupa mkobani, akaingia kazini na koo lake kavu.

Usimwone mjinga. Akili zake zilikuwa timamu, na thamani ya maji yale aliijua. Mama yake aliamka kabla ya watu wote, akayachemsha, akayapoza kwa kuyahamisha sufuria hii na ile, akayachuja kwa kitambaa cheupe, ndipo akayatia kwenye jagi na kutoka kwenye jagi kuyajaza kwenye chupa. Daktari wa saratani alikuwa amemwambia Kola anywe lita tatu kwa siku. Ile dawa ya dripu, alieleza, inaua uvimbe, lakini ikitoka mwilini inapitia kwenye figo, na isiposindikizwa na maji mengi inazichoma figo zenyewe.

“Chakula ukisahau nitakusamehe,” daktari alisema. “Maji usisahau, mama.”

Hakusahau. Hakusahau hata siku moja.

Mambo yalikuwa hivi. Kiwanda kilikuwa na laini kumi na mbili za kushona mashati, na kila laini wanawake thelathini na sita. Humo ndani jina ulilopewa na wazazi uliliacha getini, ukaitwa kile unachoshona. Yeye alishona kola, mwaka wa kumi na nne sasa, basi akawa Kola. Nyuma yake alikaa Vifungo, binti mcheshi asiyejua kufunga mdomo. Mbele yake alikaa Mfuko, na mbele ya Mfuko mama mmoja mnene aliyeitwa Mkono wa Kulia. Siku mume wa mama huyo alipokuja kumuulizia kwa jina lake, mlinzi alikana kabisa kumfahamu mtu wa jina lile, mpaka maskini mume yule akakubali kusema mbele za watu kwamba anamtafuta Mkono wa Kulia.

Msimamizi wao, laini ya saba, walimwita Bwana Dakika. Walimwita hivyo kwa siri, lakini alijua, na kwa kweli alilipenda.

Mezani kwake kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kilining'inia kibao cha choo. Kipande cha mbao tu, ukubwa wa kiganja, kimepakwa rangi nyekundu iliyobanduka, kimeandikwa saba. Laini nzima ilikuwa na kibao kimoja. Bila kibao huendi, na kibao kikiwa kwa mwenzako unabana mpaka kirudi. Kila mtu mara mbili kwa zamu, dakika tano kila mara. Mlinzi wa mlango wa choo aliangalia kibao, hakuangalia uso. Ukizidisha, unaondolewa kwenye mashine wiki nzima, unapelekwa chumba cha kukata nyuzi, na siku za huko hazihesabiwi kuwa siku kamili za kazi. Siku zako zisipotimia, mwisho wa mwezi kadi yako ya matibabu inafungwa.

Na kadi ile ndiyo iliyomletea dripu. Alikuwa amepangiwa dripu sita, moja kila wiki tatu. Uvimbe wa shingo ya kizazi ulikuwa bado mdogo, daktari alisema, na zote sita zikiingia kulikuwa na kila sababu ya kutumaini. Kwa hiyo Kola alikuwa na kazi moja tu duniani: kuzifikia sita.

Kubana alikuwa amebobea. Wasichana wapya walionyeshwa yeye, wakaambiwa muigeni Kola. Mwaka mmoja alimaliza mwezi mzima bila kukigusa kibao, na kwenye mkutano wa wafanyakazi akapewa zawadi, akapigiwa makofi: jagi la maji la kioo pamoja na glasi zake sita. Mama yake alilipenda sana jagi lile. Ndilo alilotumia kujazia chupa ya mwanawe.

Baada ya dripu ya kwanza Kola alikwenda na barua ya daktari mezani kwa Bwana Dakika. Bwana Dakika aliisoma mara mbili, midomo ikichezacheza.

“Pole sana, Kola,” alisema, na alimaanisha. “Kansa si mchezo. Shangazi yangu iliondoka naye.”

“Asante, bosi.”

“Sasa hapa daktari anasema unywe maji mengi. Lita tatu.”

“Ndiyo, bosi.”

“Kunywa. Nani amekukataza?”

“Sijakatazwa. Ila nikinywa…”

“Ukinywa?”

Kola aliangalia vidole vyake. Nyuma yake mashine zilikuwa zimepunguza kelele. Laini nzima ilikuwa inasikiliza.

“Nikinywa itabidi niende, bosi. Mara nyingi.”

Bwana Dakika aliigeuza barua akatazama nyuma yake, palikuwa peupe. Akaigeuza tena.

“Hapa pameandikwa maji,” alisema. “Choo hakijaandikwa. Mimi siwezi kumwongezea daktari maneno. Mimi ni nani?”

“Nitamwomba aandike.”

“Mwombe. Aandike mara ngapi, dakika ngapi, agonge muhuri. Nitaipeleka juu. Juu wakikubali, sina neno.” Kisha akashusha sauti, akawa kama ndugu. “Lakini fikiria, Kola. Kibao ni kimoja. Ukienda wewe mara sita, wenzako waende mara ngapi? Na huyo mwenzako wa nyuma sasa ni mjamzito.”

Hilo ndilo lililomkata maini. Vifungo alikuwa na mimba ya miezi minne, na mimba ile ilikuwa imemkalia vibaya, kila saa anageuka kuutazama msumari. Kubadilishana zamu za kibao kuliruhusiwa, mradi jumla isizidi. Basi Kola akawa anamwambia, chukua yangu ya saa nane, mimi sina haja. Vifungo anakwenda mbio, anarudi anacheka, anasema dada, wewe kibofu chako kimeshonwa kwa nyuzi za kiwandani.

Kumwomba daktari barua nyingine hakumwomba. Alikusudia. Alifika mpaka chumbani, akakaa kwenye kiti, akaona foleni ilivyo ndefu na daktari alivyochoka, na maneno yakamgoma. Angeanzaje? Daktari, niandikie ruhusa ya kukojoa? Mtu mzima, mama wa watu, anamwambia hivyo binti wa umri wa kumzaa. Aliona haya. Akatoka na vidonge vyake vya kuzuia kutapika, na kesho yake asubuhi akayamwaga maji mtaroni.

Nyumbani jioni alikunywa, bila shaka alikunywa, glasi tatu, nne, mbele ya mama yake. Lakini mchana kutwa, saa kumi za joto na vumbi la pamba, alikaa mkavu. Mgongo ulipomuuma, Bwana Dakika alimfungulia kisanduku cha huduma ya kwanza akampa vidonge vya maumivu, viwili viwili, kwa moyo mweupe.

Siku ya dripu ya nne alikwenda hospitali na mama yake. Alipimwa damu, wakasubiri, wakaitwa.

“Shikamoo, bibi,” daktari alisema.

“Marahaba, mjukuu wangu.”

Daktari alikuwa ameshika karatasi ya majibu, lakini macho yake yalikuwa kwa Kola.

“Mama, maji unakunywa?”

Kabla Kola hajafungua mdomo, mama yake alikwisha kujibu. “Anakunywa, daktari. Mimi mwenyewe nachemsha, mimi mwenyewe najaza. Chupa inarudi tupu kila siku, haina hata tone.”

“Mama?” Daktari alirudia, kwa Kola.

Ukweli ulikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Kola aliitazama mikono ya mama yake iliyopakatwa, ngozi ya vidole ikiwa imebabuka kwa mvuke wa asubuhi nyingi.

“Nakunywa,” alisema.

“Lita tatu?”

“Lita tatu.”

Daktari aliandika. Kisha akauliza maumivu anatumia nini, na Kola akatoa mkobani karatasi ya vidonge vya kisanduku cha kazini. Daktari aliisoma, akafumba macho kidogo.

“Hivi pia vinaumiza figo. Viache leo hii.” Alisogeza kiti. “Figo zako zimeshuka sana. Kipimo kinaonyesha zimebaki kama theluthi. Dripu siwezi kukupa. Nikikupa leo, nimekuua kwa mkono wangu.”

“Basi nije lini?”

“Wiki mbili. Zikipanda, tunaendelea na ya nne. Zisipopanda…” Aliiacha hapo. “Uvimbe hautusubiri, mama. Kunywa hivyo hivyo unavyokunywa.”

Njiani kurudi nyumbani mama alilalamika njia nzima kuhusu ile mashine ya kupimia damu, kwamba lazima ni mbovu, maana haiwezekani mtu anywe maji yote yale halafu figo zikauke. Kola alijua mashine haikuwa mbovu, na kwa mara ya kwanza aliogopa kweli kweli.

Kesho yake alipita mtaroni bila kusimama. Akaingia na chupa imejaa.

Akanywa. Saa tatu alikwenda kwa mara ya kwanza, saa tano mara ya pili. Siku ya kwanza alivumilia mpaka kengele ya kutoka, jasho likimtoka. Ya pili vilevile. Siku ya tatu saa nane mchana hakuweza tena. Tumbo la chini lilimkaza, na tena alihisi kichefuchefu, na viatu asubuhi vilikuwa vimegoma kuingia kwa jinsi miguu ilivyovimba.

“Chukua yangu, dada,” Vifungo alimnong'oneza.

“Na wewe?”

“Nitabana.”

Kola aliliangalia tumbo la Vifungo, lilikuwa limefikia kugusa meza ya mashine. Akainuka akaenda mezani.

“Bosi, naomba kibao.”

“Umekwenda mara mbili, Kola.”

“Najua.”

“Barua ya muhuri umeleta?”

“Sijaleta.”

“Sasa unataka mimi nifanyeje?” Bwana Dakika aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonewa. “Niambie wewe. Nifanyeje?”

Kola hakumwambia. Alinyoosha mkono akakichukua kibao msumarini mwenyewe. Katika miaka kumi na minne hakuwa amewahi kufanya jambo kama lile, na hakuna aliyekuwa amewahi. Mashine zilinyamaza moja baada ya moja, mpaka ya Mkono wa Kulia. Alitembea katikati ya laini polepole kwa sababu ya miguu, akamwonyesha mlinzi kibao, akaingia.

Alijikaza kwa muda mrefu. Yalitoka matone machache, rangi ya chai ya rangi iliyolala, na baada ya hapo hayakutoka tena. Haja bado ilikuwa palepale inambana. Alipoinuka ukuta ulimsogelea. Walimkuta sakafuni kwa kuwa dakika tano zilikuwa zimepita na mlinzi alikuwa amekuja kugonga.

Alizinduka wodini. Mama yake alikuwa amekaa kando ya kitanda, ameshika kikombe kidogo cha bati alichopewa na nesi. Kikombe kile ndicho kilikuwa kipimo. Vikombe vitatu kwa siku nzima, chai ikiwemo, uji ukiwemo.

“Asizidishe, bibi,” nesi alikuwa amesema. “Maji sasa hayana pa kutokea. Yatajaa kwenye mapafu.”

Kola aliona kiu. Kiu ya kupasua midomo, kiu ya kuota mchana. Aliyekuwa akiyamwaga maji kila asubuhi sasa alikuwa anausikia mfereji wa uani ukichuruzika, akaomba wafunge dirisha.

Jengo la saratani lilikuwa upande huu wa ua, na jengo la figo upande wa pili. Katikati palikuwa na njia ya zege. Mama wa Kola aliivuka njia ile mara saba kwa siku mbili, faili kwapani.

Kwenye jengo la figo alipokelewa na karani mwenye miwani, kijana mstaarabu.

“Mashine za kuosha damu ziko tano, bibi. Wagonjwa wako themanini. Kuna mwongozo wa nani apangiwe.”

“Unasemaje huo mwongozo?”

“Mwenye saratani hapangiwi. Isipokuwa daktari wake wa saratani aandike kwamba saratani yake inatibika.”

Mama akavuka ua.

“Ningeandika kwa mikono miwili,” daktari wa saratani alisema. “Inatibika akipata dripu zilizobaki. Lakini dripu siwezi kumpa mpaka figo ziamke.”

“Na figo wanasema hawaziamshi mpaka wewe uandike.”

“Najua, bibi.”

“Sasa nani anaanza?”

Daktari alisugua paji la uso. Akaandika barua hata hivyo, kwamba anaomba mgonjwa afikiriwe, kwamba uvimbe ulikuwa mdogo, kwamba alikuwa anakunywa maji kama alivyoagizwa na figo zake zimeshindwa bila kosa lake. Mama akavuka ua tena akiwa ameishika barua ile kwa vidole viwili, asiikunje. Karani aliipokea, akasema itawekwa mbele ya kamati Alhamisi alasiri.

Alirudi wodini akiwa na furaha. “Ameandika vizuri sana yule binti,” alisema. “Nimemwapia mbele ya nesi. Nikamwambia, mwanangu maji amekunywa, naapa kwa Mungu wangu.”

“Mama,” Kola alisema. “Usiape tena.”

“Kwa nini nisiape?”

“Nilikuwa nayamwaga.”

“Unamwaga nini?”

“Maji ya chupa. Pale getini, mtaroni. Kabla sijaingia kazini.”

Mama alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo, halafu akaikunjua.

“Siku moja?”

“Kila siku.”

“Yote?”

“Yote, mama. Choo hatupewi. Mara mbili tu, na nyingine nilimwachia Vifungo. Ningekunywa ningeondolewa kwenye mashine, kadi ingefungwa, dripu nisingezipata. Nikasema nitakunywa ya jioni, yatatosha.”

Mama aliitandaza shuka magotini, akainyoosha kwa viganja. Kola aliona bora angemtukana.

“Nilikuwa nayachuja,” mama alisema mwishowe. “Nilikuwa nayachuja mara mbili.”

Na akalia, bila sauti, akijifuta kwa ile shuka. Kola aliumia kuliko alivyoumia siku aliyoambiwa ni saratani.

Mama alikuwa mtu wa kunyooka. Kiapo cha uongo kilimkaa kifuani, na asubuhi yake akavuka korido hadi kwa daktari akamweleza yote: mtaro, chupa, kibao. Alidhani ukweli utasaidia. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akasema laiti ningejua, ningeiandika hiyo barua ya choo kwa dakika moja. Dakika moja tu, bibi. Kisha, kwa kuwa faili ni faili na alikwisha kuandika jambo lisilo kweli, akalisahihisha. Mama hakujua kusoma mwandiko wa madaktari. Karani wa miwani ndiye aliyemsomea.

“Hapa imeongezwa,” alisema. “Mgonjwa hakufuata maelekezo ya kunywa maji.”

“Ndiyo. Alikatazwa choo.”

“Hilo la choo halimo, bibi. Limeandikwa hilo la maelekezo.” Aliivua miwani. “Na mwongozo una kipengele chake. Asiyefuata maelekezo anarudi nyuma ya wengine.”

Alhamisi saa saba mchana, saa ya kutazama wagonjwa, Vifungo alikuja. Tumbo lilikuwa limetangulia mlangoni, mwezi wa saba sasa, na mkononi alikuwa na mfuko wa machungwa. Alimwamkia mama, akambusu Kola kwenye paji la uso, akakaa pembeni ya kitanda akaanza kumwaga habari bila kupumzika.

“Kola zako kapewa Mfuko. Dada, ungeziona. Zimesimama kama masikio ya mbuzi. Jana oda nzima imerudishwa, Bwana Dakika nusura alie.”

Kola alicheka. Midomo ilimpasuka, akacheka tu. Nesi alipita akayaona machungwa, akasema haya hapana, figo haziyawezi, akayachukua kwa upole. Vifungo akayasindikiza kwa macho.

Akanyamaza. Vifungo kunyamaza si jambo la kawaida, na Kola alimjua.

“Sema.”

“Sina la kusema, dada.”

“Sema, mdogo wangu.”

Vifungo alishika pindo la shuka. “Nimetumwa,” alisema. “Siku ile ulipoanguka ulikuwa nacho. Kibao. Hakijaonekana tangu siku hiyo. Bwana Dakika anasema cha pili hakichongwi mpaka cha kwanza kirudi, ndivyo utaratibu ulivyo. Tunaomba cha laini ya nane wakishamaliza wao. Wanatutukana.”

“Wewe leo umekwenda mara ngapi?”

“Asubuhi mara moja.” Aliangalia sakafu. “Nilitaka kuja tangu Jumatatu, wallahi. Ruhusa sikupewa. Leo wamenipa muda wa saa mbili, kwa ajili ya hicho.”

“Bwana Dakika amesema nini kuhusu kadi yangu?”

“Amesema pole sana.”

“Na kadi?”

“Hilo hakulisema, dada.”

Kola alimwonyesha mama mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na viatu, aproni ya kazi, na ndani ya mfuko wa aproni kipande cha mbao chekundu. Mama alikitoa. Alikuwa hajawahi kukiona. Alikigeuza, akakipima kwa kiganja chake.

“Ndicho hiki?” aliuliza.

“Ndicho.”

“Kidogo hivi.”

Vifungo alianza kulia, na mama akampa kona ya shuka ajifute.

Hapo nesi alirudi, ameshika kichupa cha plastiki chenye kifuniko. Kamati ilikuwa inakaa saa tisa, alisema, na wametuma ujumbe. Wanataka mkojo wake, hata kidogo. Ukipatikana ni dalili figo hazijafa kabisa, na barua ya daktari itakuwa na cha kusimamia. Usipopatikana, faili linarudi kabatini.

“Hata matone,” nesi alisema. “Jitahidi, mama. Nitakipeleka mwenyewe kwa miguu yangu.”

Tangu juzi haukuwa umetoka hata tone. Kola aliteremsha miguu iliyovimba, akashika kichupa kwa mkono huu, na kwa mkono ule, bila kufikiri, akakipokea kibao kutoka kwa mama. Hakuna aliyemwambia akiache. Walikwenda koridoni watatu, polepole, mama akimshika kiwiko, Vifungo nyuma.

Wodi nzima ilikuwa na choo kimoja kinachofanya kazi. Kilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na komeo. Kola alilifunga. Mlinzi hakuwapo, saa haikuwapo ukutani. Alikalisha kibao magotini, akakishika kichupa palipohusika, akasubiri.

Alijua kubana. Kuachia alidhani ni jambo linalokuja lenyewe. Alifumba macho akaufikiria mtaro wa getini, maji yalivyokuwa yakiteremka kwenye majani, chupa nzima, kila siku, zaidi ya miezi miwili. Aliyafikiria yote. Akasikiliza. Mfereji wa uani ulikuwa unachuruzika.

Hakujua amekaa muda gani. Mlango uligongwa, kidogo tu, kwa ukucha.

“Dada,” sauti ya Vifungo ilisema kwa aibu. “Samahani. Nimebanwa vibaya, na ruhusa yangu inaisha. Bado sana?”

Kola alikitazama kichupa. Kilikuwa kikavu.

“Bado kidogo,” alisema. “Nipe dakika tano.”

Chini ya mlango aliviona viatu vya Vifungo, vikipokezana uzito, kushoto, kulia, kushoto.